Jina Lililopanda kutoka Ziwani

Posa ya mdogo wangu ilikwama kwa sababu ya jina letu la ukoo.

Tulikuwa tumekwenda Mbinga mjini, nyumbani kwa wazazi wa binti: baba, mimi, mdogo wangu mwenyewe, na wazee wawili wa kijijini kwetu Litembo waliokuwa wasemaji wetu. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Tulipewa chai na mayai ya kuchemsha, tukacheka, msemaji wetu akaeleza nia yetu kwa maneno ya kuzunguka kama inavyotakiwa. Kisha mama wa binti, ambaye mpaka hapo alikuwa akisikiliza tu, akamwomba baba arudie jina letu la ukoo.

Baba akarudia. Sitaliandika hapa, maana wenye nalo ni wengi na hawakuniruhusu wote.

"Hilo ni jina la mama yangu," yule mama akasema. "Mama yangu ni mtu wa ziwani, upande wa Liuli. Kwao wote wanaitwa hivyo. Sijawahi kumsikia Mmatengo akiitwa hivyo."

"Sisi ni watu wa hapa hapa," baba akajibu. "Baba yangu amezikwa Litembo."

"Na babu yako, mzee?"

Baba akanyanyua kikombe chake akakipeleka mdomoni. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona kikombe hakikuwa na kitu.

Baba wa binti alikuwa mtu mstaarabu. Hakutaka kutuaibisha. Alisema hawakatai, kijana wamempenda, lakini kama damu ni moja watakuwa wamewaponza watoto wao wenyewe. "Nendeni mkaulizane," akasema, "na sisi tutauliza kwetu."

Mdogo wangu ni dereva wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka. Alikutana na binti huyo katika duka la dawa ambako binti alikuwa akiuza, siku yeye alipokwenda kutafuta dawa ya kikohozi, na kwa maelezo yake mwenyewe alirudi mara nne kununua dawa ile ile wakati kikohozi kilishaisha. Siku ile ya posa tulitoka nje, wazee wakatangulia, yeye akabaki ameegemea ukuta.

"Dada," akaniambia, "wewe ndiye mwalimu. Nisaidie."

Ni kweli ni mwalimu, nafundisha darasa la nne shule moja pale mjini. Lakini habari za ukoo sikuwa nimewahi kuzifuatilia. Jioni ile nilichukua daftari jipya nikaandika jina langu chini ya ukurasa, juu yake baba na mama, juu yao babu na bibi wa pande zote mbili. Upande wa mama niliujaza mpaka juu kabisa, kwa sababu mama, enzi za uhai wake, alipenda kutaja watu wao hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Upande wa baba uliishia kwa babu. Na hata huyo babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, nilikuwa na jina lake la ubatizo tu, na hilo la ukoo lililotuletea shida.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Litembo. Baba nilimkuta shambani, akipunguza machipukizi kwenye mibuni yake. Ana zaidi ya miaka sabini na mitano lakini kazi hiyo hamwachii mtu. Nilimwamkia, nikamsaidia kukusanya matawi, halafu nikauliza.

"Baba, babu alizaliwa wapi?"

"Hapa."

"Na wazazi wake wamezikwa wapi?"

Akakata tawi lingine, na lingine. "Baba yangu alikufa nikiwa na miaka minane," akasema. "Unataka nikuambie nini?"

"Lolote unalokumbuka."

"Nakumbuka alikuwa baba yangu. Hiyo haitoshi?" Kisha akaacha kukata na kunitazama. "Mama, acha haya mambo. Mdogo wako atapata mwanamke mwingine. Kuna vitu ukivigusa unaharibu."

Baba huniita mama akiwa na upendo na akiwa na hasira, na siku ile sikuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Nilirudi mjini nimenuna. Niliona kama hamjali mwanawe.

Ilibaki njia moja: shangazi. Ni dada yake baba, amempita miaka minne, na ameolewa Kingerikiti. Miguu imemchosha, haendi tena popote, kwa hiyo mgeni kwake ni sikukuu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani akipukuchua maharage. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunilaumu kwamba nimekonda, nikamweleza yaliyotukuta kwenye posa.

Hakushangaa. Aliendelea kupukuchua huku akisema, "Baba hakuwa na ndugu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wenzetu siku ya Krismasi walikwenda kwa baba zao wadogo na wakubwa. Sisi tulikwenda kwa jirani."

Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nikilijua maisha yangu yote bila kuliwazia. Umatengoni ukoo mmoja hukaa pamoja kwenye mlima mmoja, na mlima huo huitwa ntambo. Kila ukoo una ntambo wake. Sisi tuko peke yetu, kipande kimoja cha chini kabisa, kwenye ntambo wa jirani yetu. Juu yetu kote ni wao. Mvua zikizidi, udongo huteremka hadi kwetu na mibuni miwili mitatu hulala.

"Baba yako anaogopa kunyang'anywa shamba," shangazi akasema. "Tangu tukiwa watoto. Alisikia mtu akisema kwenye pombe kwamba sisi ni watu wa kuja. Akaja akaniuliza, watu wa kuja maana yake nini? Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Sasa unaona amenyamaza miaka mingapi?"

Niliona haya. Nilikuwa nimemnunia mzee kwa kosa ambalo si lake.

Kisha shangazi akanisimulia kifo cha baba yao. Yeye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mzee aliugua homa, na katika siku zake mbili za mwisho aliacha kusema Kimatengo. Alikuwa akiongea maneno ambayo watu wa nyumbani hawakuyaelewa, wakadhani anaweweseka tu. Siku ya pili mchana akapita mama mmoja kutoka ziwani anauza samaki wakavu mlango kwa mlango. Aliposikia sauti ndani, akaweka kapu chini akauliza, "Nani huyo anaongea Kinyasa chetu cha ziwani?"

"Wakamwingiza," shangazi akasema. "Akainama pale kitandani akasikiliza. Mama yangu akamuuliza, anasema nini? Yule mama akasema, anamwambia mama yake amsubiri. Anasema miguu inamuuma, mlima ni mkali, amsubiri kidogo."

Shangazi akaacha maharage.

"Mzee mzima yule," akaongeza. "Mwenye watoto. Anamwita mama yake amsubiri."

Sasa nilikuwa na kitu cha kuandika. Babu alitoka ziwani, alipanda mlima kwa miguu akiwa mtoto, na mama yake alikuwa mbele yake njiani. Kilichobaki ni kujua kwa nini, na wale watu wa Liuli ni nani kwetu.

Nilikwenda parokiani Litembo kuomba kuangalia vitabu vya zamani vya ubatizo. Katibu wa parokia, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniambia niandike barua nitaje sababu, nikaandika, na wiki iliyofuata akanipigia simu niende. Alikuwa amekwishatoa vitabu viwili na kuviweka juu ya meza yenye kitambaa safi. Majalada yalikuwa ya ngozi, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na mwandiko wa wino ulikuwa wa mtu asiye na haraka.

Nilianza kutafuta jina letu la ukoo. Katibu akaniachia kama robo saa hivi, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, usitafute kwa jina la ukoo. Waliandika walivyosikia. Leo herufi hii, kesho ile. Shika jina la ubatizo, shika kijiji, halafu mwangalie msimamizi."

Tukafanya hivyo. Yeye alishika kitabu kimoja, mimi kingine, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ni kazi inayochosha macho, lakini ina utamu wake. Kila mstari ni mtoto aliyelia siku fulani maji yalipomgusa, na wengi wao ni babu na bibi za watu ninaowafahamu. Katibu ndiye aliyempata. Aligeuza kitabu kunielekea.

Jina la ubatizo la babu. Umri: kama miaka kumi. Mahali alipotoka palikuwa na neno moja tu la Kilatini ambalo katibu alinitafsiria: ziwani. Baba: lile jina letu, herufi moja pungufu, bila jina lingine lolote. Msimamizi wa ubatizo: jina la ukoo wa jirani yetu. Na mahali pa jina la mama palichorwa mstari mfupi wa wino.

Nilikaa nikiutazama ule mstari. Nafikiri katibu aliona.

"Usidhani walimdharau," akasema. "Mara nyingi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumtaja. Mtoto wa miaka kumi humwita mama yake mama."

Nilinakili kila kitu, hata ile herufi iliyopungua. Nikampigia simu mdogo wangu, naye akaomba ruhusa kazini siku mbili. Mama wa binti alikuwa ameshampelekea mama yake ujumbe kwamba tutakuja.

Tulishuka kwa basi hadi Mbamba Bay, barabara ikizunguka milima mpaka masikio yanaziba, na baridi ya Mbinga ikibaki nyuma yetu kona kwa kona. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha, hakuweza kutulia akiendeshwa. Kila kona alikanyaga breki isiyokuwepo. Mbamba Bay tukachukua bodaboda mbili kufuata ukingo wa ziwa kuelekea upande wa Liuli.

Bibi wa binti tulimkuta nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka majini, akigeuza dagaa kwenye chanja. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, kitenge amekifunga juu ya kifua kama msichana. Tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu." Akamtazama mdogo wangu juu mpaka chini. "Ndiye wewe unayetaka kumchukua mwenzangu? Na mimi utaniacha na nani?"

Mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. "Nitawachukua wote, bibi."

"Una lori la kutosha?"

Alitukaribisha kwenye kivuli cha nyumba, akatupa ugali na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, akakataa katakata kusikia shida yetu kabla hatujala. Tulipomaliza na kunawa, nilifungua daftari nikamsomea nilichonakili kule parokiani. Nilipofika kwenye umri wa mtoto, akainua mkono.

"Huyo mtoto namjua," akasema. "Sikumwona kwa macho. Lakini baba yangu alikuwa akimtaja."

Haya ndiyo aliyotusimulia. Babu yake yeye alikuwa mtu wa mitumbwi na samaki wengi. Samaki walikaushwa, na wanawake waliwabeba kichwani kupanda nao milimani, siku mbili njiani, kwenda kubadilishana na mahindi na maharage ya Wamatengo. Miongoni mwa wabebaji hao alikuwapo mwanamke mmoja mgeni. Alifika pale ufukoni akiwa na mtoto wa kiume, hana mume, na hakusema ametoka wapi. Wengine walisema alitoka ng'ambo ya ziwa, wengine kusini. Alipewa kibanda, akawa anabeba samaki kama wenzake, na mtoto akimfuata nyuma.

"Sasa kule juu," bibi akasema, "mbebaji akifika kwenye mji wa watu anaulizwa, wewe wa nani? Hajibu jina lake. Anajibu jina la mwenye samaki. Ndiyo ilikuwa salama yao. Watu walimjua mwenye samaki, wakawapa pa kulala. Yule mtoto alisikia hivyo kila safari. Wa nani? Wa fulani. Alipoulizwa na mapadre, angejibu nini kingine?"

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa akifuatilia kila neno.

"Safari moja yule mama akashikwa na homa njiani," bibi akaendelea. "Walifika naye juu akiwa hajiwezi. Nyumba moja ya Wamatengo ikampokea. Wenzake walisubiri siku tatu, kisha ikabidi washuke. Baadaye ikaja habari kwamba amekufa na mtoto yuko."

"Na hakuna aliyemfuata mtoto?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Walimfuata. Babu yangu alituma wanaume wawili, baba yangu akiwa mmoja wao. Wakamkuta amevaa nguo nzima, anachunga mbuzi. Wakamwambia, twende nyumbani. Akawauliza, mama yuko huko? Wakasema hayuko, amezikwa hapa. Akasema, basi na mimi nakaa hapa alipo." Bibi akafuta macho kwa pindo la kitenge, bila kuona aibu. "Baba yangu alikuwa kijana wakati huo. Mpaka anazeeka alikuwa akisema, tungeweza kumbeba kwa nguvu, lakini tulishindwa. Wale Wamatengo walikuwa wamempenda, nasi tuliona."

Kisha nikauliza lile nililokuja kuuliza. "Kwa hiyo, bibi, si damu yenu?"

"Si damu yetu. Oaneni, mzaliane." Akampiga mdogo wangu begani. "Lakini msidhani nimesema si wetu. Aliishi kwetu, akala kwetu, akachukua jina letu akaenda nalo. Angekuwa amelitupa njiani, mimi leo ningewajuaje?"

Nilimuuliza yule mama aliitwa nani. Bibi akafikiri sana, akatazama majini, akatikisa kichwa. Jina lake hakuwahi kulisikia. Wanawake wenzake walimwita mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake. Na hilo fulani alilitaja. Halikuwa jina la ubatizo la babu. Lilikuwa jina fupi la silabi mbili, jina la utotoni, ambalo baba yangu, shangazi yangu na sisi wote hatukuwa tumewahi kulisikia. Nililiandika peke yake kwenye mstari wake.

Njiani kurudi mdogo wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa kifungo. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa baba. Nilikuwa ninakwenda kumwambia kwamba alichokiogopa tangu utoto ni kweli: sisi ni watu wa kuja, na hata jina si letu.

Nilimwambia Jumapili, tumekaa wawili tu jikoni kwake, moto ukiwaka. Nilimweleza yote tangu mwanzo, na la babu kumwomba mama yake amsubiri mlimani nililitamka nikiwa natazama sufuria. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Jirani anajua?"

"Sijui, baba. Msimamizi wa babu alitoka kwao."

Akanyanyuka. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Nimengoja sana."

Jirani yetu, ambaye mimi namwita baba mkubwa, ndiye mkubwa wa ule ukoo. Tulimkuta na wanawe wanamenya kahawa kwa mashine ya mkono, kelele tupu, maji mekundu yakitiririka kwenye mfereji. Alipoona sura ya baba aliwaambia vijana wasimamishe. Baba hakutaka kiti. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa barazani.

"Kaka, nimejua leo. Sisi si watu wa hapa. Baba yangu alikuja na mama yake kutoka ziwani, mkawapokea. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Baba mkubwa akamtazama kama ambaye hajaelewa. "Mdogo wangu," akasema, "hiyo ndiyo habari?"

"Ndiyo."

"Hiyo sisi tunaijua. Wote tunaijua. Baba yangu ndiye aliyemsimamia baba yako ubatizo, babu yangu ndiye aliyempokea yule mama. Tuliambiwa tusiwaulize kitu, tusije tukawaumiza."

Baba akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye gunia la kahawa lililokuwa karibu. "Mlijua," akasema. "Na mimi nilikuwa nikiwaficha."

"Na sisi tulikuwa tukikuficha wewe!" Baba mkubwa akacheka, kisha akaona uso wa baba, akaacha kucheka. Akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti karibu yanagusana. "Kwani ulikuwa unaogopa nini?"

Baba akaonyesha kwa mkono, chini kule lilipo shamba letu. "Kile kipande. Nilijua tulipewa mabaki, kule udongo unakoteremka. Nikasema, wakikumbuka tulikotoka, hata hayo watachukua."

"Nani kakwambia ni mabaki?" Baba mkubwa sasa alikuwa ameshangaa kweli. "Baba yako alipotaka kuoa, babu yangu alimpa kipande cha juu, pale ninapolima mahindi mimi. Akakikataa. Alitaka cha chini. Watu wakamwambia pale pabaya. Akasema ni hapo hapo, maana mama yake yuko hapo."

Akatupeleka mwenyewe, akishuka kwa fimbo, sisi tukimfuata. Mpakani mwa shamba letu na lao kuna mahali padogo penye majani marefu ambapo hakuna aliyewahi kulima, upande wetu wala wao. Nimepita pale mara zisizohesabika. Nilidhani ni pa mawe. Baba mkubwa akasimama pembeni, akavua kofia.

"Ni hapa," akasema. "Sisi tuliambiwa tusipitishe jembe."

Baba aliingia kwenye yale majani mpaka magotini. Hakulia. Alisimama tu, akapapasa majani kwa kiganja kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, kisha akaniuliza lile jina la utotoni la baba yake. Nikamwambia. Akalitamka polepole mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Posa ilikubaliwa wiki ile ile, na harusi ikafungwa baada ya mavuno ya kahawa. Bibi wa binti alipanda kutoka ziwani, akakataa kulala mjini, akalala Litembo nyumbani kwa baba. Siku ya utambulisho baba alisimama akasema sisi ni akina nani. Alisema waziwazi, mbele ya kanisa zima na watu wa Ngaka waliokuja na mdogo wangu, kwamba jina letu tulipewa na watu wa ziwani na ardhi tulipewa na watu wa mlimani, na kwamba hajui alikotoka bibi yake kabla ya hapo na labda hatajua. Shangazi aliletwa kwa gari kutoka Kingerikiti na alipiga vigelegele kabla baba hajamaliza.

Mimi nilirudi kwa katibu wa parokia nikaomba nia ya misa kwa ajili ya marehemu. Akafungua daftari lake, akashika kalamu, akauliza jina. Tukatazamana. Baada ya kufikiri akaandika "mama wa," akanigeukia, nikamtajia lile jina fupi. Jumapili iliyofuata likasomwa altareni hivyo hivyo. Baba alikuwa benchi la pili. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Tulipotoka nje akanifuata mama mmoja ninayemfahamu kwa sura tu, mwenye kijiduka karibu na hospitali. Akaniuliza huyo aliyesomwa ni nani, nikamweleza kwa ufupi.

"Mwalimu," akasema, "na sisi kuna mmoja hivyo kwetu. Babu yake mume wangu. Hakuna anayejua alikotoka. Unaanzaje kutafuta?"

Nikamuuliza ni nani mkubwa kuliko wote aliyebaki katika ukoo wao.

"Mama mkwe wangu anajua mengi, lakini amechoka sana siku hizi. Yuko nyumbani."

"Leo?"

"Leo yupo."

Nikamwambia baba atangulie. Kisha tukashika njia kwenda kwa huyo mama mkwe, yeye mbele, mimi nyuma yake nikitafuta kalamu kwenye mkoba.